Kura ya kutokuwa na imani na rais wa chuo kikuu: namna ya kuiandaa hadi bodi isikie

Katika vyuo vikuu vya Marekani, wahadhiri hawana mamlaka ya kumwondoa rais wa chuo, yaani mtendaji wake mkuu. Anayemwajiri na kumfukuza ni bodi ya wadhamini, au jina lolote lile inaloitwa chuoni kwenu. Kura ya kutokuwa na imani haina nguvu ya kisheria. Ni ujumbe, na msomaji wake ni bodi. Wahadhiri wengi huiandaa kana kwamba wanamwandikia rais mwenyewe, au wanaandikiana wao kwa wao, kisha hushangaa bodi inapotoa tamko la kumuunga mkono kabla jua halijazama. Basi katika kila hatua mfikirieni mdhamini mmoja: mfanyabiashara au mwanasheria anayefika chuoni mara chache kwa mwaka, anayemjua rais vizuri na asiyemjua mhadhiri hata mmoja kwa jina. Huyo ndiye wa kushawishiwa.

Tengeni wiki 6 hadi 8 tangu mazungumzo ya kwanza hadi siku ya kura. Pungufu ya hapo, ushahidi huwa mbichi. Zaidi ya hapo, siri huvuja na muhula huisha kabla ya kikao.

Katiba kabla ya hasira

Kusanyeni hati tatu: kanuni za bodi, katiba ya seneti ya wahadhiri (baraza la wawakilishi wao), na mwongozo wa wahadhiri unaoeleza haki na wajibu wao. Zisomeni mkiwa na kalamu. Mnatafuta mambo haya: nani ana haki ya kupiga kura (seneti peke yake, au wahadhiri wote?), akidi ni watu wangapi, hoja inatangazwa siku ngapi kabla ya kikao, kikao cha dharura kinaitishwa kwa saini ngapi, na kama kura ya siri inaruhusiwa. Jambo linaloangusha wengi ni hilo la siku za taarifa. Katiba ikidai siku 10 nanyi mkatangaza hoja siku 9 kabla, mwanasheria wa chuo ataishika hiyo siku moja, na kura nzima itakuwa habari ya utaratibu uliokiukwa, wala si habari ya uongozi mbaya.

Angalieni pia kama seneti yenu bado ina miguu ya kusimamia. Texas, kwa mfano, ilipitisha mwaka 2025 sheria inayozipa bodi za vyuo vya umma udhibiti mkubwa juu ya seneti za wahadhiri, ikiwemo uamuzi wa kama seneti itakuwepo. Mahali ambapo seneti iko chini ya bodi kwa kiwango hicho, njia salama zaidi ni mkutano wa hiari wa wahadhiri au tawi la chama chao.

Seneti nyingi huendesha vikao kwa Kanuni za Robert, kitabu cha taratibu za mikutano, zilizotoka mara ya kwanza mwaka 1876. Kanuni hizo hazina hoja maalumu inayoitwa "kutokuwa na imani". Yenu itakuwa hoja ya kawaida: inahitaji mtoa hoja, mwungaji mkono, na wingi wa kura zilizopigwa. Wasioegemea upande wowote hawahesabiwi katika kutafuta wingi huo, isipokuwa katiba yenu iseme vingine. Mteueni mtu mmoja azijue kanuni hizi kwa ncha ya ulimi, na siku ya kikao asipewe kazi nyingine yoyote.

Pimeni maji kabla ya kuingia

Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vidole 40 navyo vitagongana. Kamati ya watu 7 hadi 9 inatosha, mradi itoke katika vitivo tofauti. Kamati ikijaa watu wa fasihi na historia peke yao, bodi itasema hao ndio walalamikaji wa siku zote. Ingizeni mtu wa uhandisi, wa tiba, wa biashara, na hasa mtu aliyewahi kukaa kwenye kamati ya bajeti. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Kisha hesabuni. Chukueni orodha ya wenye haki ya kupiga kura, idara kwa idara, na kila mjumbe azungumze ana kwa ana na watu 15 hadi 20. Alama ziwe tatu tu: yuko nasi, yuko kwa rais, hajaamua. "Ana uchungu na rais" si alama. Uchungu anao kila mtu, na wengi wenye uchungu hupiga kura ya hapana kwa kuogopa fujo. Kama waliosema wazi kwamba wako nanyi hawafiki thuluthi mbili ya mliozungumza nao, msiipeleke hoja hiyo bado. Kati ya mazungumzo na sanduku watapungua, na kura iliyoshindwa humpa rais kinga ya miaka kadhaa.

Kuna njia ya katikati ambayo wengi huisahau. Machi 2005, kitivo cha sanaa na sayansi cha Harvard kilipigia kura hoja mbili kuhusu rais Lawrence Summers katika kikao kimoja. Hoja kali, iliyosema kitivo hakina imani na uongozi wake, ilipita kwa kura 218 dhidi ya 185, na 18 hawakuegemea upande. Ile laini, iliyosikitikia kauli zake kuhusu wanawake katika sayansi na namna yake ya kuongoza, ilipata 253 dhidi ya 137. Ukubwa wa tofauti hiyo unaonyesha ni watu wangapi wako tayari kukemea lakini si kuvunja. Mkiona katika hesabu yenu kundi kubwa la namna hiyo, andaeni hoja mbili zinazosimama kila moja peke yake, ili kushindwa kwa moja kusiizamishe nyingine.

Malalamiko yanayosimama

Wahadhiri wakikaa kuorodhesha makosa ya rais watafika 25. Chagueni matatu, manne yakizidi sana. Lalamiko zuri lina sifa tatu: lina tarehe, lina hati, na linamgusa mdhamini katika jambo analowajibika nalo kisheria, yaani fedha, sifa ya chuo, ithibati, au ukiukaji wa kanuni ambazo bodi yenyewe ilizipitisha. "Rais hatusikilizi" halina hata moja kati ya hizo. "Tarehe 12 Februari rais alifunga programu 4 bila kuzipeleka kwenye kamati ya mitaala kama mwongozo unavyotaka" lina zote.

Juu ya ushirikishwaji, silaha bora ni tamko la mwaka 1966 kuhusu uongozi wa vyuo. Lilitungwa kwa pamoja na chama cha maprofesa wa Marekani, baraza la elimu la nchi hiyo, na chama cha bodi za vyuo zenyewe. Linasema wahadhiri ndio wenye wajibu wa kwanza katika mitaala, ufundishaji, utafiti, na masuala ya ajira ya kitaaluma. Mkilinukuu, mwambieni mdhamini kwamba chama cha bodi kilishiriki kulitunga. Asipojua hilo, atalitupa kama karatasi ya chama cha wafanyakazi.

Juu ya fedha, anzeni na hesabu zilizokaguliwa za miaka 5. Humo matumizi hugawanywa kwa kazi: ufundishaji, utafiti, huduma kwa wanafunzi, utawala mkuu, na kadhalika. Tafuteni asilimia ya kila fungu katika jumla, mwaka hadi mwaka. Chuo binafsi kisicho cha faida hujaza pia Fomu 990 ya mamlaka ya kodi, inayoonyesha malipo ya wakuu wake, na sheria inakilazimu kuwaonyesha wananchi fomu za miaka mitatu ya karibuni. Kwa chuo cha umma, tumieni sheria ya jimbo ya haki ya kupata taarifa. Ombeni mapema, maana majibu huchelewa kuliko sheria inavyoahidi.

Mitego iko mitatu, na yote imewahi kuzamisha hoja nzuri. Wa kwanza ni hospitali: chuo kikiwa na hospitali ya kufundishia, fedha zake humeza kila asilimia, kwa hiyo itoeni kwenye hesabu kwanza. Wa pili ni kuhamishwa kwa ofisi. Idara ya kompyuta ikitolewa kwenye vitivo na kuwekwa makao makuu, idadi ya watawala itaonekana imepaa ilhali hakuna mtu mpya aliyeajiriwa. Wa tatu ni mfumuko wa bei. Mshahara uliopanda kwa asilimia 12 ndani ya miaka 5 huenda umeshuka. Mpeni mhadhiri wa uhasibu, ikiwezekana asiyeunga mkono hoja, azikague takwimu zenu kabla hazijatoka. Kosa moja la hesabu likigunduliwa na ofisi ya fedha ya chuo, hakuna atakayesoma mistari mingine.

Halafu mwandikieni rais. Barua mbili, zenye wiki mbili au tatu kati yake, zikiuliza maswali yaleyale matatu kwa adabu na kuomba kikao. Akijibu na kurekebisha, mmefanikiwa bila kura. Akikaa kimya, kimya chake kinakuwa ushahidi wenu wa nne, na mdhamini atakapouliza "mlizungumza naye kwanza?", mtakuwa na tarehe mkononi.

Kuandika azimio

Azimio lisizidi ukurasa mmoja. Kila sentensi ya "kwa kuwa" ni dirisha ambalo mpinzani anaweza kurushia jiwe: ataomba ifanyiwe marekebisho, atabishia neno moja, muda utakwisha. Huu hapa mfano wa kubuni unaoonyesha uzito unaofaa:

*Kwa kuwa tarehe 12 Februari rais alifunga programu 4 za shahada bila kuzipeleka kwenye kamati ya mitaala, kinyume na kifungu cha 3.2 cha mwongozo wa wahadhiri;*

*Kwa kuwa Seneti ilimwandikia tarehe 20 Februari na tarehe 10 Machi kuomba maelezo, na barua zote mbili hazikujibiwa;*

*Kwa kuwa hesabu zilizokaguliwa zinaonyesha kwamba ndani ya miaka 5 matumizi ya utawala mkuu yamepanda kutoka asilimia 14 hadi 19 ya matumizi yote, na ya ufundishaji yameshuka kutoka 41 hadi 35;*

*Seneti inaazimia kwamba haina imani na uongozi wa rais, na inaiomba bodi ikutane na wajumbe 5 wa Seneti ndani ya siku 30.*

Tazameni kisichomo. Hakuna "kiburi", hakuna "udikteta", hakuna kubahatisha nia ya rais. Kila sentensi inaweza kukaguliwa na mtu aliye mbali na chuo. Mwisho kuna ombi dogo ambalo bodi inaweza kulikubali bila kujivunjia heshima. "Ajiuzulu mara moja" huifunga bodi mlango, kwani ikikubali itaonekana imeamrishwa. "Ikutane nasi" huuacha wazi, na kule ndani ndiko mambo yanakozungumzwa kweli.

Msimtaje provosti (msimamizi mkuu wa taaluma), mkuu wa fedha na wakuu wa vitivo katika azimio hilohilo. Kila jina linaloongezwa huleta marafiki zake kupiga kura ya hapana, na mkuu wa kitivo ambaye hamkumgusa leo huenda ndiye atakayeinong'oneza bodi kesho kwamba wahadhiri wana hoja.

Kinga ya wanaosema

Barua pepe ya chuo ni mali ya chuo. Kwenye chuo cha umma, mwandishi wa habari au mwanasheria anaweza hata kuiomba kisheria. Tumieni akaunti binafsi na vifaa binafsi, na hata humo andikeni kana kwamba rais atasoma.

Wasemaji na watia saini wa kwanza wawe maprofesa wenye ajira ya kudumu. Mhadhiri wa mkataba wa mwaka mmoja, na yule aliyeko nchini kwa viza inayofungamana na mwajiri, wasitangulizwe mbele hata wakijitolea. Wasaidieni kupiga kura ya siri, inatosha. Msidhani pia kwamba uhuru wa kusema unawafunika wote. Katiba ya Marekani humzuia mwajiri wa serikali, si chuo binafsi. Hata kwenye vyuo vya umma, hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Garcetti ya mwaka 2006 ilipunguza kinga ya mfanyakazi anaposema kama sehemu ya kazi yake, ingawa mahakama iliacha wazi suala la ufundishaji na utafiti. Kwenye vyuo binafsi, hukumu ya mahakama hiyohiyo ya mwaka 1980 kuhusu chuo kikuu cha Yeshiva iliwaona maprofesa wa chuo hicho kuwa mameneja, wasiolindwa na sheria ya vyama vya wafanyakazi, kwa sababu ya mamlaka yao ya kitaaluma, na tangu hapo vyama vya wahadhiri katika vyuo vya aina hiyo vimekuwa na kazi ngumu. Mkiwa na mkataba wa chama, usomeni kifungu kwa kifungu na mwanasheria kabla ya tangazo la kwanza.

Siku ya kikao

Wapangeni wasemaji wanne, dakika 3 kila mmoja: wa kwanza aeleze utaratibu uliokiukwa, wa pili fedha, wa tatu athari kwa wanafunzi, na wa nne awe mtu anayejulikana kwa upole ambaye hakuna aliyemtarajia. Huyo wa nne ndiye anayegeuza wasioamua. Rais au mwakilishi wake apewe nafasi ya kujibu, tena nafasi ya kutosha. Kumnyima kunawaumiza ninyi.

Jiandaeni kwa mbinu tatu. Kwanza, hoja ya kulipeleka azimio kwenye kamati, ambayo kwa kawaida maana yake ni kulizika. Jibu lenu liwe zile barua mbili: suala limechunguzwa, na rais ameulizwa mara mbili. Pili, mlolongo wa marekebisho madogomadogo. Ombeni mjadala ufungwe, mkikumbuka kwamba Kanuni za Robert zinataka thuluthi mbili kwa hilo. Tatu, watu kutoka ukumbini hadi akidi ivunjike. Wekeni mtu mlangoni anayehesabu, na msipange kikao Ijumaa alasiri.

Kura iwe ya siri, kwa karatasi au kwa mfumo wa kielektroniki unaobaki wazi saa 48 hadi 72. Ihesabiwe na watu wawili, mmoja wa kila upande. Mfumo ukiwa mikononi mwa ofisi ya rais, tafuteni mwingine.

Mahudhurio ndiyo roho ya matokeo. Kura 120 dhidi ya 30 zinaonekana ushindi wa asilimia 80, lakini chuo kikiwa na wahadhiri 400, msemaji wa rais ataandika kwamba 280 kati yao hawakuiunga mkono hoja. Machi 2013, kitivo cha sanaa na sayansi cha New York University kilipiga kura dhidi ya rais John Sexton: 298 hawakuwa na imani, 224 walikuwa nayo, 47 hawakuegemea upande. Ukigawa kwa walioamua, ni asilimia 57. Ukiwaingiza wasioegemea, ni 52. Ukigawa kwa wote karibu 680 waliokuwa na haki, ni 44. Kila upande ulikuwa na namba yake. Amueni kabla ya kura mtatangaza ipi, na mtangaze hesabu zote nzima pamoja nayo.

Saa 24 za kwanza na miezi inayofuata

Barua kwa mwenyekiti wa bodi iwe imeandikwa tayari, ikisubiri namba tu. Itumwe kabla ya taarifa kwa vyombo vya habari, walau kwa saa chache, kwani mdhamini anayesoma habari zake gazetini huanza na kinyongo. Ambatisheni azimio, hesabu kamili, na nakala za hati.

Tarajieni tamko la kumuunga mkono rais, tena upesi. Haliwi jibu la mwisho. Summers alibaki baada ya Machi 2005. Februari 2006, kura ya pili ilipokuwa imepangwa, alitangaza kujiuzulu wiki moja kabla haijafika. Kura ya kwanza haikumwondoa, bali ilikaa mezani, na mgogoro mpya ulipokuja, wa kuondoka kwa mkuu wa kitivo, kila mtu alijua hesabu imeanzia wapi.

Tazameni pia bodi imefungwa vipi na mpango wa rais. West Virginia University, Septemba 2023, wahadhiri walipiga kura 797 dhidi ya 100 kumkataa rais Gordon Gee. Ni nadra kuona ushindi mkubwa hivyo. Hata hivyo bodi ilisimama naye, na siku chache baadaye ikapitisha kufutwa kwa programu 28 za shahada na nafasi 143 za wahadhiri. Sababu iko wazi: upunguzaji ule ulikuwa mpango wa bodi yenyewe. Pale ambapo rais anatekeleza agizo la bodi, kura dhidi yake ni kura dhidi yao, na namba peke yake haitoshi. Hapo nguvu zielekezwe kwa wanaoweza kuibana bodi: wahitimu wa zamani, wabunge wa jimbo kwa chuo cha umma, na chombo cha ithibati.

Mount St. Mary's huko Maryland, mwaka 2016, hali ilikuwa tofauti. Rais Simon Newman aliwafukuza wahadhiri wawili, mmoja wao mwenye ajira ya kudumu, chuo kikiwa tayari kwenye habari kwa mpango wake wa kuwaondoa mapema wanafunzi waliodhaniwa hawatamaliza. Kura ya kumtaka ajiuzulu ilikuwa 87 dhidi ya 3. Kabla mwezi haujaisha alikuwa ameondoka. Pale kosa lilikuwa la rais mwenyewe, la karibuni, lenye hati, na bodi iliweza kumwacha bila kuukana mpango wake yenyewe.

Wakati mwingine mlengwa sahihi si rais kabisa. Juni 2012, bodi ya University of Virginia ilimlazimisha rais Teresa Sullivan kujiuzulu. Seneti ya wahadhiri ikapiga kura ya kutokuwa na imani na bodi na mwenyekiti wake, na ndani ya siku 16 tangu tangazo, Sullivan alirejeshwa kwa kauli moja. Kabla ya kuandika neno "rais" kwenye azimio, hakikisheni maamuzi mnayoyapinga yalianzia kwake.

Bodi ikikubali kukutana nanyi, pelekeni watu 5, si zaidi, na ombi moja linalopimika: programu zirudi kwenye kamati ya mitaala, au tathmini ya rais ifanywe na mtu wa nje kabla ya mwisho wa mwaka. Rais akiondoka, msitawanyike siku hiyo. Ndani ya wiki moja bodi itamtaja kaimu, na ndani ya miezi michache itaunda kamati ya kumtafuta mrithi. Andikeni mapema mkitaka viti vya wahadhiri kwenye kamati hiyo vijazwe kwa kura ya seneti, si kwa uteuzi wa bodi, na majina ya watakaofika hatua ya mwisho yaletwe mbele ya wahadhiri kabla ya uamuzi.